Shughuli za Jamii Katika Makumbusho Madogo ya Historia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimekuwa nikiandaa shughuli za jamii katika makumbusho madogo ya historia kwa miaka mingi, na naandika majibu haya nikimfikiria mtu mmoja: yule anayesimama nje, anasoma tangazo la shughuli mlangoni, halafu anaondoka kwa sababu anadhani halimhusu. Linamhusu.

Makumbusho si mahali pa kutazama vitu tu? Mikutano na warsha ni za nini?

Kitu kikiwa peke yake kabatini hakina mengi ya kusema. Jembe ni jembe, na cherehani ni cherehani. Habari yake iko kwa watu: nani alikitumia, alikipataje, kiliharibika lini na kwa nini hakikutupwa. Makumbusho makubwa yana watafiti wa kuajiriwa wa kuzitafuta habari hizo. Makumbusho madogo yanawategemea majirani, kwa hiyo shughuli za jamii ni sehemu ya utafiti wenyewe.

Hata Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ICOM, lilipopitisha tafsiri mpya ya neno makumbusho mjini Prague mwaka 2022, liliingiza ushiriki wa jamii ndani ya tafsiri hiyo. Kwa vitendo jambo hili lilianza zamani. Mwaka 1967 taasisi ya makumbusho ya Marekani iitwayo Smithsonian ilifungua makumbusho madogo katika jengo lililokuwa ukumbi wa sinema, kwenye mtaa wa Anacostia, Washington. Mkurugenzi wake, John Kinard, aliwasikiliza wakazi. Miaka miwili baadaye makumbusho hayo yalifanya onyesho kuhusu panya, kwa kuwa panya ndio waliokuwa wakiwasumbua watu wa mtaa ule. Onyesho lilieleza panya anavyozaliana, magonjwa anayoleta na namna ya kumzuia. Kila ninapokutana na mtu anayedhani historia ni ya wafalme na vita, humsimulia habari ya panya wa Anacostia.

Kwa kawaida huwa kuna shughuli gani?

Inategemea ukubwa wa jengo na idadi ya watu wa kusaidia, lakini nyingi ni hizi: siku ya kuleta vitu na picha za nyumbani, vikao vya kurekodi masimulizi, matembezi ya kihistoria mitaani, saa ya watoto, ziara za shule, mihadhara ya jioni na warsha za kutunza nyaraka za familia. Pale penye fundi wa kazi ya zamani huwa kuna maonyesho ya kazi hiyo ikifanywa mbele ya watu. Wazo hilo la kuonyesha kazi badala ya kifaa kilicholala ndilo alilolifuata Artur Hazelius alipoanzisha Skansen, makumbusho ya uwanja wa wazi mjini Stockholm, Sweden, mwaka 1891, na halijachuja.

Lazima nijiandikishe mapema?

Kwa warsha na vikao vya kurekodi, ndiyo, maana viti na vifaa ni vichache. Kwa mihadhara na saa ya watoto, mara nyingi unafika tu. Habari za kiingilio ulizia mapokezi. Kila makumbusho yana utaratibu wake.

Sikusoma historia. Nitachangia nini mimi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na hujibu kwa kisa kimoja.

Tulikuwa na picha kubwa ya barabara ukutani, na chini yake maelezo marefu: jengo la kushoto lilikuwa ofisi fulani, la kulia lilikuwa ghala. Watu waliosoma sana waliipitia picha ile. Siku moja fundi cherehani mstaafu aliyekuja kumsindikiza mjukuu wake alisimama pale kwa muda, akasema, "Picha hii mmeigeuza." Tukamuuliza amejuaje. Akaonyesha mwanamume aliyesimama mbele: shati lake lilikuwa na mfuko wa kifua upande wa kulia, na vifungo vilikuwa upande wa kike. Kisha mwingine nyuma yake, vilevile. Wanaume wote mtaa mzima hawawezi kuvaa mashati ya kike siku moja, alisema. Filamu iliwekwa kinyume wakati wa kusafisha picha. Tulipoigeuza, majengo yalibadilishana nafasi na maelezo yetu yote yakawa ya uongo. Ilibidi tuyaandike upya, na ghala likawa ofisi.

Yule mzee hakuja na shahada. Alikuja na miaka yake ya kushona mashati. Kila mtu ana jambo analolijua kwa mikono, na huwezi kujua ni kitu gani humu ndani kinalingojea.

Siku ya kuleta vitu vya nyumbani, nilete nini?

Leta kitu ambacho una habari zake, hata kama ni kidogo na kimechakaa. Risiti, kitabu cha madeni cha duka lililofungwa, sare ya shule, barua, redio iliyokufa, daftari la chama cha akiba. Watu huacha nyumbani vitu hivi wakidhani ni takataka, wakaleta sahani nzuri ya kupambia ukuta. Sahani kama ile zimebaki nyingi duniani; daftari la chama chenu ni moja tu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na mimi naongeza kwamba daftari likibaki, hata mali iliyokwisha habari zake zipo.

Usikisafishe kabla ya kuja. Nasema hili kwa msisitizo kwa sababu nimeona hasara yake. Sarafu iliyosuguliwa kwa mchanga au dawa ya kung'arisha imepoteza uso wake milele, na chombo kilichooshwa kimepoteza masizi au unga ambao ungetuonyesha kilitumikaje. Nyaraka usizigandishe kwa gundi ya utepe wala usizipige plastiki za moto. Ziweke baina ya makaratasi safi, uje nazo.

Usilete silaha, risasi au baruti, hata kama unaamini hazifanyi kazi. Vilevile, kama una mikanda ya filamu ya zamani sana, ya kabla ya miaka ya 1950, piga simu kwanza. Baadhi ilitengenezwa kwa aina ya plastiki iitwayo nitrati, inashika moto kwa urahisi mno na ni vigumu kuuzima. Ikiwa filamu ya baadaye inatoa harufu kali ya siki, hiyo nayo inaoza. Iweke mbali na nyingine na mahali penye ubaridi.

Mtaniambia kitu changu kina thamani ya pesa ngapi?

Hapana. Makumbusho yakianza kutaja bei, yanakuwa sehemu ya soko, na mtu anayetuletea kitu hatajua kama tunamshauri au tunataka kukinunua. Tutakueleza kimetengenezwa kwa nini, takriban cha wakati gani, na utakitunzaje. Ukitaka bei, nenda kwa mthamini asiye na nia ya kukinunua.

Nikiwapa kitu, kitawekwa kwenye onyesho?

Huenda, huenda isiwe. Sehemu kubwa ya vitu vya makumbusho yoyote iko stoo, na ni afadhali ujue mapema kuliko kuja na familia nzima kutafuta kanga ya bibi usiione. Stoo si kaburi. Vitambaa, karatasi na picha huumizwa na mwanga, na madhara hayo yanajumlika wala hayarudi nyuma. Ndiyo sababu vyumba vya vitu hivyo hupunguzwa mwanga hadi kama lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga), na vitu hubadilishwa zamu. Ukiona chumba kina giza giza, si umeme mdogo.

Kabla ya kukabidhi, kuna mambo matatu ya kudai. Upewe risiti siku hiyo hiyo, hata kama uamuzi wa kukipokea bado. Usaini hati ya makabidhiano inayosema wazi kama ni zawadi ya moja kwa moja au ni mkopo wenye tarehe ya kurudishwa. Na maelezo yako kuhusu kitu hicho yaandikwe pamoja nacho, kwa jina lako au bila jina, upendavyo. Migogoro michungu niliyoishuhudia haikutokana na wizi. Ilitokana na maneno kama "kikae kwenu kwa sasa", yaliyosemwa kwa heshima na mtu ambaye baadaye alifariki, na watoto wake wakaja wakiamini kilikuwa mkopo.

Tena, tuwe wakweli: tunaweza kukataa. Tukiwa na mapasi ya mkaa manane, la tisa tutakuomba ulitunze nyumbani, isipokuwa kama lina kisa ambacho yale manane hayana. Na kitu ambacho mleta haonyeshi kilitoka wapi hatukipokei, hata kiwe kizuri namna gani.

Nina picha tu, na sitaki kuziacha. Inawezekana?

Ndiyo, na wengi hufanya hivyo. Tunapiga skani ukiwa umekaa palepale, unaondoka na picha zako na nakala ya kidijitali. Kwa picha za kawaida za karatasi tunatumia dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi, ili picha ikuzwe bila kupoteza sura za watu.

Kazi kubwa si kupiga skani, ni majina. Kaa na mtu mzima wa familia, andika nani ni nani kutoka kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari. Andika kwa penseli laini, kwa wepesi, nyuma ya picha kwenye ukingo. Wino wa kalamu hupenya na kuchafua upande wa mbele. Kama picha zenu ziko kwenye zile albamu zenye kurasa za kunata na plastiki juu yake, zitoeni taratibu. Gundi ile inazila. Zikigoma kutoka msizivute, leteni albamu nzima.

Angalia pia suala la haki. Kuimiliki picha ya karatasi si sawa na kumiliki hakimiliki yake. Kama ilipigwa studio, haki inaweza kuwa ya mpiga picha au warithi wake, na katika nchi nyingi ulinzi wa kazi ya mtunzi hudumu angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Kutunza nakala kwa ajili ya kumbukumbu ni jambo moja, kuichapisha kwenye kalenda ni jingine.

Kikao cha kurekodi masimulizi kinaendaje?

Unakaa na mtu mmoja wa kukuuliza na kinasa sauti. Hakuna mtihani. Muda ni saa moja hadi moja na nusu, maana zaidi ya hapo msimuliaji anachoka na sauti inashuka. Tunaanza na utoto, si kwa sababu ya mazoea tu: watafiti wa kumbukumbu wamebaini kwamba watu wazima hukumbuka kwa wingi zaidi mambo ya kati ya umri wa miaka 10 na 30. Ukimwuliza mzee habari za juzi anasuasua; ukimwuliza njia ya kwenda shuleni anakutajia miti.

Kazi hii ina taratibu zake zilizokomaa. Tangu mwanahistoria Allan Nevins aanzishe ofisi ya historia simulizi katika Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, mwaka 1948, jambo moja limezidi kusisitizwa: ridhaa. Unasaini fomu baada ya kusimulia, ukiwa umeshajua ulichosema, wala si kabla. Unaweza kuzuia sehemu fulani isisikilizwe na mtu kwa miaka kadhaa, au mpaka utakapofariki. Unaweza kuficha jina lako. Na unapewa nakala yako. Asiyekupa nakala, mwulize kwa nini.

Rekodi asili tunaihifadhi kwa WAV, aina ya faili la sauti lisilobanwa, nakala tatu, moja ikiwa nje ya jengo. Paa likivuja au kompyuta ikifa, sauti yako haifi nayo.

Je, kama kumbukumbu yenyewe ni chungu? Au inamhusu jirani aliye hai?

Sema unachoweza kubeba. Muulizaji mzuri akiona umenyamaza, anaacha ukimya ukae. Hakimbilii swali jingine wala hakusukumi. Ukilia, kinasa kinazimwa, na wewe ndiye utakayesema kiwashwe.

Mambo yanayomhusu mtu aliye hai tunayapima kwa uangalifu. Kusema duka fulani lilikuwa likipunja mizani ni historia, lakini mwenye duka ana watoto wanaoishi mtaa wa pili. Sehemu kama hiyo tunaweza kuihifadhi bila kuiweka wazi. Siamini katika kufuta. Naamini katika kusubiri.

Familia mbili zikileta masimulizi yanayopingana kuhusu tukio moja, tunayahifadhi yote mawili. Makumbusho si mahakama, na mara nyingi kupingana huko ndiko kunakoeleza mtaa uligawanyikaje.

Watoto wa umri gani wanaweza kuja?

Wote, wakiwa na mtu mzima. Saa ya watoto inawafaa zaidi wa kuanzia miaka mitano hivi. Hatuwahutubii. Tunampa mtoto kitu, tunauliza: unaona nini? Nini kinakufanya useme hivyo? Kuna nini kingine? Maswali hayo matatu yanatosha nusu saa nzima, na majibu yao hutushangaza. Mzazi, tafadhali, jizuie kumjibia.

Na shule je?

Mwalimu aje kwanza peke yake, siku kadhaa kabla. Ziara inayoharibika ni ile ya watoto 80 kwenye vyumba viwili, wakinakili maelezo ya ukutani kwenye madaftari wasitazame kitu hata kimoja. Tuwagawe: kundi moja ndani, jingine nje na ramani, wabadilishane. Shule iliyo mbali inaweza kuazima sanduku la vitu vya kushika, lenye vitu halisi ambavyo tuna ziada yake, pamoja na maswali ya mwalimu. Kikivunjika kimoja, tuambieni tu. Ndiyo maana tulichagua vya ziada.

Tunaruhusiwa kushika vitu?

Vya mezani ndiyo, vya kabatini hapana. Wengi huomba glavu nyeupe kama walivyoona kwenye televisheni. Kwa karatasi na vitabu, mikono iliyonawa na kukauka ni bora, kwa sababu glavu ya kitambaa inakufanya usihisi ukingo wa karatasi ukaichana. Kwa picha na vitu vya metali tunakupa glavu za nitrili, aina ya mpira mwembamba, kwa kuwa chumvi na mafuta ya vidole huacha alama.

Mama yetu ana ugonjwa wa kusahau. Itamfaa kuja?

Karibuni sana. Mleteni asubuhi, wakati watu ni wachache, na mtuarifu mapema ili tupate meza tulivu na viti vyenye mikono ya kuegemea. Tunaandaa vitu vya ujana wake vya kushika, kunusa na kusikiliza. Msimwulize "unakumbuka hiki?", maana swali hilo ni mtihani na anaweza kuaibika. Mpeni mkononi, mngoje. Nimeona mama ambaye hakuwa akiyataja majina ya wanawe akishika kifaa cha kazi yake ya zamani, vidole vikaanza kufanya kazi vyenyewe, kisha maneno yakafuata.

Na mtu wa kiti cha magurudumu, kiziwi au asiyeona?

Majengo ya makumbusho madogo mara nyingi ni ya zamani, yana ngazi na milango myembamba. Uliza kabla, na udai jibu la kweli: ngazi ngapi, mlango una upana gani, choo kiko wapi. Shughuli ya ghorofani inaweza kuhamishiwa chini tukijua mapema. Mkalimani wa lugha ya alama anahitaji kutafutwa siku nyingi kabla. Kwa wasioona, meza ya vitu vya kushika ndiyo onyesho lenyewe, na maelezo yasomwe kwa sauti na mtu, si kwa haraka.

Matembezi ya kihistoria yanapita wapi, na ni marefu kiasi gani?

Mwendo wa saa moja na nusu, polepole, na mahali pa kukaa katikati. Tunapita zaidi penye vitu visivyokuwepo tena: kisima kilichofukiwa, stendi iliyohamishwa, nyumba zilizobomolewa. Mwongozaji anabeba picha ya zamani ya mahali hapo na kuishika pale pale ilipopigwa.

Wakazi wanaoandamana nasi hutusahihisha njiani, na masahihisho hayo huingia kwenye ramani. Mfano ninaoupenda ni wa Makumbusho ya District Six mjini Cape Town, yaliyofunguliwa mwaka 1994. Mtaa ule ulitangazwa kuwa wa wazungu mwaka 1966, na watu zaidi ya 60,000 wakahamishwa kwa nguvu, nyumba zikabomolewa. Makumbusho yakatandaza sakafuni ramani kubwa ya mitaa ile, na waliohamishwa wakaja kuandika kwa mikono yao nani aliishi wapi. Mkazi aliyeinama kuandika jina la mama yake kwenye ramani hahitaji kuelezwa kazi ya makumbusho.

Nataka kujitolea. Mnahitaji watu wa namna gani?

Wenye kufika siku waliyosema watafika. Mengine yanafundishika: kuandika rejesta, kupiga skani, kunukuu rekodi (kuandika neno kwa neno yaliyosemwa), kupokea wageni. Kunukuu ndiko kunakotulemea. Rekodi ya saa moja inakula saa kadhaa za kuandika, na rekodi isiyonukuliwa ni vigumu mtu kuitafuta. Ukiwa na masikio mazuri na unaijua lahaja ya wazee wa eneo lako, wewe ni hazina. Andika walivyosema, usiwanyooshee lugha.

Naweza kupendekeza onyesho au mhadhara?

Ndiyo. Njoo na swali badala ya mada. "Michezo" ni mada, nasi hatujui tuishike wapi. "Kwa nini timu ya mtaa wetu ilivunjika?" ni swali, na tayari lina watu wa kuhojiwa, jezi za kutafuta na picha za kuomba. Tupe miezi kadhaa ya kuandaa. Pendekezo likihusu kundi ambalo halijawahi kuonekana ukutani kwetu, wafanyakazi wa ndani, wahamiaji, wapagazi wa sokoni, tutalisogeza mbele ya mengine.

Ni wakati gani wa mwaka kuna shughuli nyingi?

Karibu na tarehe 18 Mei, Siku ya Kimataifa ya Makumbusho, inayoadhimishwa tangu 1977. Makumbusho mengi huwa na ratiba ndefu siku hiyo, na mengine hufungua hadi usiku. Lakini ukitaka kuongea na mhifadhi bila kusukumana, chagua siku ya katikati ya wiki isiyo na jambo lolote.

Mzee wetu anajua mengi ila hawezi kufika. Mnaweza kumfuata?

Tunaweza, na tunapenda. Tunahitaji chumba kimoja chenye utulivu na ndugu mmoja anayemwamini. Ila foleni yetu ni ndefu na afya yake haitusubiri, kwa hiyo anzeni wenyewe kwa simu ya mkononi. Zimeni redio na feni. Wekeni simu juu ya kitambaa kilichokunjwa, karibu naye, si juu ya meza tupu inayogongagonga. Iwekeni isipokee simu wakati wa kurekodi. Swali moja kwa wakati mmoja, na akinyamaza hesabuni kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kuongea. Mwanzoni kabisa, kabla ya swali la kwanza, mtu ataje kwa sauti tarehe, mahali, na majina ya wote waliomo chumbani.